Kuunganisha Mizani, Skana, Printa na Vitambuzi kwenye Kompyuta ya Viwandani: Mwongozo kwa Maghala ya Korosho ya Mtwara na Lindi

Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, ghala la Tandahimba, Masasi au Nachingwea huwa na mambo matatu ambayo kompyuta ya kawaida ya mezani haiyastahimili kwa muda mrefu: vumbi la magunia, joto la bati, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ndiyo sababu panapohitajika kazi ya kudumu hutumika kompyuta ya viwandani, yaani ile yenye sanduku zima la chuma, isiyo na feni, inayojipoza kwa mapezi ya alumini yaliyo mgongoni mwake, na inayopokea umeme wa moja kwa moja (DC), mara nyingi wa volti 24 au wa kiwango chochote kati ya volti 9 na 36. Kompyuta ya namna hii huvumilia mengi. Kisichovumilia, kwa niliyoyaona, ni maungio yake: kebo, plagi, waya wa ethi (unaounganisha vyuma vya vifaa na ardhi) na mipangilio inayoikutanisha na mizani, skana, printa, vitambuzi vya unyevu na taa za tahadhari.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani na kupewa hati ya uzito wake, ulipoanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, uzito unaoandikwa ghalani ndio unaoamua mkulima alipwe kiasi gani. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama kwenye foleni ya kupima aliwahi kunitazama nikifunga kebo, akaniuliza, "Mwanangu, mashine hii ikimeza kilo zangu, nitamdai nani?" Swali lile limebaki nami. Mwongozo huu unafuata utaratibu nilioushika tangu siku hiyo: kiunganishwe kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na cha pili kisiguswe mpaka cha kwanza kithibitike kwa macho, kwa mita na kwa namba.

Kabla ya kushika bisibisi

Chora ramani ya ghala kwenye karatasi. Onyesha mahali pa mizani, meza ya karani, mlango wa kupakulia magunia, soketi za umeme na njia ambazo kebo zitapita, kisha pima umbali kwa futi kamba badala ya kukisia. Umbali ndio unaokuambia utumie aina gani ya muunganisho. Kebo ya USB 2.0 haipaswi kuzidi mita 5. Kebo ya RS-232, muunganisho wa data wa zamani ambao ndio ulio kwenye mizani nyingi za kielektroniki, hutegemewa hadi mita 15 hivi kwa kasi za kawaida. Kebo ya mtandao ya shaba hufika mita 100, na RS-485, muunganisho mwingine wa data uliotengenezwa kwa umbali mrefu, hufika mita 1,200 ikiwa kasi ni ndogo. Mizani ikiwa iko mita 40 kutoka kwa karani, usiirefushe kebo ya RS-232 kwa kuungaunga vipande, bali weka kigeuzi cha kwenda RS-485 kwenye kila ncha, au isogeze kompyuta karibu na mizani na skrini pekee iende kwa karani.

Baada ya hapo geuza kompyuta na usome kila poti iliyoandikwa mgongoni, huku kijitabu chake kikiwa mkononi. Poti zenye pini tisa zilizoandikwa COM hufanana zote kwa macho, lakini moja inaweza kuwa imepangwa kuwa RS-232 na jirani yake RS-485, na mpango huo hubadilishwa ama ndani ya BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka) ama kwa jampa, yaani kiunganishi kidogo cha pini, iliyo kwenye ubao-mama. Katika baadhi ya kompyuta hizi, pini ya 9 ya poti ya COM inaweza kupangwa itoe volti 5 au 12 kwa ajili ya kuendesha kifaa kidogo. Ukiunganisha mizani kwenye poti iliyopangwa hivyo bila kujua, unaweza kuiunguza. Soma kijitabu kwanza. Dakika 20 za kusoma hapa ni nafuu kuliko safari ya kutafuta ubao mpya Dar es Salaam wakati malori yamepanga foleni.

Umeme na ethi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu nyingi ya hitilafu zinazosingiziwa kompyuta au mizani huanzia kwenye ukuta.

Kabla ya kuunganisha waya wa umeme kwenye kompyuta, washa kigeuza umeme, yaani kile kinachobadili umeme wa ukutani kuwa wa DC, peke yake na upime volti zake kwa mita, ukihakikisha chanya na hasi ziko upande ulioandikwa. Jumlisha ampea za vifaa vyote vitakavyolishwa na kigeuzi hicho, kisha chagua chenye uwezo unaozidi jumla hiyo kwa nafasi ya kutosha, maana kifaa kinachofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake ndani ya ghala lenye joto hakidumu. Waya wa umeme ukazwe kwa skrubu zake mpaka usitoke unapouvuta kwa mkono.

Sanduku la kompyuta huwa na skrubu maalumu ya ethi, na skrubu hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Iunganishe kwa waya mnene na mfupi kwenye ethi ileile inayotumiwa na mizani, printa na vifaa vingine vyote vitakavyozungumza na kompyuta. Tatizo la maghala yetu ni kwamba soketi moja inaweza kuwa imetoka kwenye umeme wa TANESCO, nyingine imetoka kwenye jenereta, na kila upande una fimbo yake ya shaba iliyozikwa mahali pake. Fimbo mbili zilizo mbali hazilingani volti. Ukizikutanisha kwa kebo nyembamba ya data, umeme wa kusawazisha tofauti hiyo hupita ndani ya kebo, na matokeo yake ni namba zinazorukaruka, poti inayokufa pole pole, au poti inayokufa mara moja siku ya radi.

Kipimo chake ni rahisi. Washa kompyuta na mizani, kila kimoja kikiwa kwenye soketi yake, lakini kebo ya data ikiwa bado haijachomekwa. Weka mita kwenye upande wa volti za umeme wa nyumbani (AC), gusisha ncha moja kwenye chuma cha sanduku la kompyuta na ncha nyingine kwenye chuma cha mizani. Ukisoma sehemu ndogo tu ya volti moja, endelea. Ukisoma volti kadhaa, simama. Na ukisoma makumi ya volti, usiguse tena mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akague ethi ya jengo zima. Mara nyingi tiba ni kulisha vifaa vyote kutoka kwenye soketi za mstari mmoja wenye ethi moja. Pale isipowezekana, tumia kitenganishi cha mawimbi, ambacho hupitisha data kwa mwanga ndani yake na kukata njia ya umeme kati ya pande mbili.

Mvua za kwetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo radi huja katikati ya msimu wa mauzo. Kila kebo ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine ni njia ya radi. Kati ya majengo tumia kebo ya nyuzi za kioo kama uwezo upo, na kama haupo, weka kinga ya mshtuko wa umeme kwenye ncha zote mbili za kebo na uiunganishe na ethi, maana kinga isiyo na ethi haikingi chochote. UPS, yaani kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, nayo iwepo, ikilisha kompyuta pamoja na mizani, kwa kuwa haina faida kompyuta kubaki hai huku mizani ikizimika katikati ya gunia.

Jambo dogo la mwisho katika sehemu hii: gusa chuma chenye ethi kabla ya kushika pini za poti yoyote, hasa ukiwa umetoka kushughulika na mifuko ya nailoni. USB na kebo ya mtandao zinaweza kuchomekwa kompyuta ikiwa imewaka. Kebo za COM, za VGA (za skrini) na nyaya za kuendeshea taa zichomekwe vifaa vyote vikiwa vimezimwa.

Mizani

Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo huwa na lakiri, na lakiri hiyo haivunjwi kwa sababu ya kebo. Poti ya data iko nje ya kisanduku cha kuonyesha uzito. Ukiona kazi yako inakulazimu kufungua sehemu yenye lakiri, acha na uwaite wahusika, kwa kuwa mizani yenye lakiri iliyovunjwa haifai tena kupimia mali ya mtu mpaka ihakikiwe upya.

Anza kwa kuithibitisha poti ya kompyuta kabla ya kuitilia shaka mizani. Katika plagi ya pini tisa upande wa kompyuta, pini ya 2 hupokea, pini ya 3 hutuma, na pini ya 5 ndiyo ardhi ya mawimbi, yaani sifuri ambayo volti za pini nyingine hupimwa kutoka kwake. Funga kipande kifupi cha waya kati ya pini ya 2 na ya 3, fungua programu ya terminali kama PuTTY, inayoonyesha data inayopita kwenye poti, chagua poti ya COM husika, kisha andika herufi chache. Zikirudi kwenye skrini kama ulivyoziandika, poti ni nzima na umechagua namba yake sahihi. Ondoa waya ule, uandike tena, na herufi zisirudi. Zikirudi bila waya, programu yenyewe ndiyo inayokurudishia, na kipimo chako hakijathibitisha chochote.

Sasa igeukie kebo. Mizani nyingine zinahitaji kebo iliyonyooka na nyingine zinahitaji kebo iliyovuka, yaani ile ambayo pini ya 2 ya upande mmoja hukutana na pini ya 3 ya upande wa pili. Mita itakuonyesha kipi ni kipi. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, ncha nyeusi kwenye pini ya 5, na ncha nyekundu kwenye pini ya 2 halafu ya 3. Pini inayotuma, ikiwa imetulia, husoma hasi, kwa kawaida kati ya volti 5 na 12 chini ya sifuri, ilhali pini inayopokea husoma karibu na sifuri. Fanya hivyo kwenye poti ya kompyuta, kisha kwenye ncha ya kebo inayotoka kwenye mizani. Pini inayotuma ya upande mmoja lazima ikutane na pini inayopokea ya upande mwingine. Zikikutana mbili zinazotuma, hutaona kitu kwenye skrini hata ukikesha.

Mipangilio ndiyo inayofuata. Kompyuta na mizani lazima vikubaliane juu ya mambo manne: kasi, idadi ya biti (alama za 0 na 1) katika kila herufi, pariti (biti ya ziada ya kuhakiki herufi), na biti ya kumalizia. Mpangilio unaopatikana zaidi ni kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, na biti 1 ya kumalizia, lakini zipo mizani nyingi zinazotumia kasi ya 2400, biti 7 na pariti ya shufwa. Usikisie, bali ingia kwenye menyu ya mizani usome. Ukiona alama zisizosomeka kabisa, kasi hazilingani. Usipoona chochote, rudi kwenye nyaya, au angalia kama mizani imepangwa itume uzito mfululizo au isubiri kuulizwa.

Kosa la hatari zaidi ni lile linalofanana na mafanikio, nami naliweka hapa kwa urefu wake. Mizani ikituma biti 7 na pariti ya shufwa, na kompyuta ikasikiliza kwa biti 8 bila pariti, baadhi ya tarakimu hufika salama na nyingine huharibika. Biti ya pariti huwa sifuri pale tu ambapo tarakimu yenyewe ina idadi shufwa ya biti zenye moja, kwa hiyo 0, 3, 5, 6 na 9 hupita bila dosari, na nukta hupita pia, lakini 1, 2, 4, 7 na 8 hugeuka alama za ajabu. Gunia la korosho ghafi hufungwa kwa kilo 80. Chukua gunia lililosoma 80.5 kwenye mizani: nane itaharibika, sifuri itapita, nukta itapita, tano itapita. Programu iliyoandikwa iitupilie mbali alama isiyoitambua, jambo ambalo waandishi wengi wa programu hulifanya kwa nia njema, itaandika 0.5. Kilo 80 zimemezwa, na hakuna taa nyekundu iliyowaka. Kwa sababu hiyo, jaribio la mizani halikamiliki mpaka tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9 zimeonekana kwenye terminali kama zinavyoonekana kwenye mizani. Ongeza na kupunguza mawe ya mizani mpaka zote zipite.

Angalia pia maneno yanayoambatana na namba. Mizani nyingi hutanguliza herufi ST uzito ukiwa umetulia na US ukiwa bado unayumba. Programu ya ghala ipokee mstari uliokamilika wenye alama ya kutulia, na mstari uliokatika au wenye alama ngeni uutupe wote, wala usiokotwe vipande. Hili ni jambo la kumwambia mwandishi wa programu kwa maandishi, kabla msimu haujaanza.

Kwenye Windows kuna kisa kinachowachanganya mafundi wengi. Mizani inayotuma uzito mfululizo, ikiwa imeunganishwa wakati kompyuta inawaka, inaweza kudhaniwa kuwa ni mausi ya zamani ya poti ya COM, na mshale ukaanza kurukaruka kwenye skrini wenyewe. Kompyuta haijapata virusi. Fungua orodha ya vifaa, tafuta mausi hiyo ya uongo, uizime badala ya kuifuta, maana ukiifuta itarudi kompyuta itakapowashwa tena. Kama mizani inaweza kupangwa isubiri kuulizwa, hilo ni bora zaidi.

Vitambuzi vya joto na unyevu kwenye RS-485

Korosho iliyohifadhiwa penye unyevu huota ukungu na kushuka daraja, kwa hiyo ghala kubwa linahitaji vitambuzi zaidi ya kimoja, vilivyotawanywa kwenye kona na katikati ya marundo. RS-485 inafaa kwa kazi hii kwa sababu jozi moja ya nyaya zilizosokotwa hubeba vifaa vingi. Kiwango cha asili ni vifaa 32 kwenye mstari mmoja.

Mstari upite kama kamba ya shanga, kutoka kompyuta kwenda kitambuzi cha kwanza, kutoka hapo kwenda cha pili, na kuendelea. Usiutandaze kama mizizi ya mti kutoka mahali pamoja, kwa kuwa mawimbi hurudi nyuma kwenye kila tawi na kuvuruga mengine. Katika ncha mbili za mstari, na hapo pekee, pawekwe kikinza (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) cha ohmu 120. Ili kuhakiki, zima kila kitu kisha upime ohmu kati ya waya A na waya B: ukisoma karibu na 60, vikinza viwili vipo, ukisoma karibu na 120, kimoja kimekosekana, na ukisoma karibu na 40, kuna cha tatu kilichoachwa ndani ya kifaa fulani katikati ya mstari.

Watengenezaji hawakubaliani ni waya upi uitwe A na upi uitwe B. Kitambuzi kisipojibu, badilishana nyaya hizo mbili kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Hazitaunguza kitu. Waya wa tatu wa ardhi ya mawimbi nao upitishwe pamoja nazo, hata kama kielelezo kinaonyesha nyaya mbili tu, na wavu wa chuma unaoizunguka kebo uunganishwe na ethi upande mmoja, kwa kawaida upande wa kompyuta. Kila kitambuzi cha Modbus, lugha ya data inayotumiwa na vifaa vingi vya RS-485, kipewe namba yake ya pekee kati ya 1 na 247, na namba hizo zipangwe mezani, kimoja kimoja, kabla ya kupanda ngazi. Vinavyotoka kiwandani mara nyingi huja vyote na namba moja, na ukiviunganisha hivyo vitajibu kwa pamoja kama darasa lisilo na mwalimu.

Njia ya kebo nayo ina maana. Katika ghala moja nililoitwa, vitambuzi vilinyamaza kila mkanda wa kupandishia magunia ulipowashwa. Fundi aliyetangulia alikuwa ameifunga kebo ya data sambamba na kebo ya mota kwa mita zipatazo 20, zikabanwa pamoja vizuri kwa vibanio vya plastiki. Kazi ilikuwa nadhifu, na ndiyo iliyokuwa tatizo. Tuliihamishia ukuta wa pili na hitilafu ikaisha siku ileile. Acha angalau sentimita 20 au 30 kati ya kebo ya data na kebo ya umeme mkubwa, na pale zinapolazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Skana na printa

Skana ya USB huonekana kwenye kompyuta kama kibodi. Fungua programu yoyote ya kuandikia, soma lebo moja, na ulinganishe herufi kwa herufi. Alama kama kistari ikigeuka alama nyingine, mpangilio wa lugha ya kibodi kwenye kompyuta haulingani na ule uliomo ndani ya skana, na hurekebishwa kwa kusoma msimbo maalumu ulio kwenye kijitabu chake.

Poti ya USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500. Skana inayowaka na kuzima, hasa inapobonyezwa, kwa kawaida ina njaa ya umeme: kebo ni ndefu mno, au inashirikiana na vifaa vingine kwenye kigawanyaji kisicho na umeme wake. Mpe karani kigawanyaji chenye adapta yake. Kwenye Windows, zima pia ule mpangilio wa kuokoa umeme unaozilaza poti za USB zisipotumika kwa muda, la sivyo gunia la kwanza baada ya chakula cha mchana litasomwa mara tatu ndipo liitikiwe. Plagi ya USB haina skrubu za kuishikilia, kwa hiyo kebo yake ifungwe kwenye sanduku sentimita chache kutoka kwenye poti, ili anayeivuta avute kibanio badala ya poti.

Printa ya lebo huwa na umeme wake, hivyo haisumbui. Angalizo langu ni juu ya lebo zenyewe: zile zinazochapwa kwa joto pekee bila utepe wa wino hufifia zikikaa kwenye joto na jua, na stakabadhi iliyofifia haimsaidii mkulima. Kwa gunia litakalokaa ghalani wiki kadhaa, tumia printa yenye utepe.

Taa ya tahadhari na king'ora

Pini za kutolea ishara za kompyuta zimetengenezwa kwa umeme mdogo, na kiwango chake kimeandikwa kwenye kijitabu. Usiunganishe king'ora moja kwa moja. Weka relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo kupitia koili yake, katikati, na kama koili ya relei ni ya umeme wa moja kwa moja, funga diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili hiyo, upande wenye mstari ukielekea chanya, ili mshtuko unaotokea koili inapozimwa usirudi kwenye kompyuta. Nyaya za volti 230 za king'ora zipite kwenye bomba lake peke yake.

Chumvi, salfa na panya

Maghala ya Mtwara mjini, Mikindani na Kilwa yana jambo la ziada, nalo ni hewa ya bahari. Kutu ya kijani huanza kwenye ncha za shaba zilizoachwa wazi. Ncha zote za nyaya zibanwe kwa vishikizo vya bati kabla ya kuingizwa chini ya skrubu, poti zisizotumika zifunikwe kwa vifuniko vya mpira, na kebo inayoingia kwenye sanduku ishuke kwanza chini ya tundu ndipo ipande, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke kabla ya kufika ndani. Salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho wakati wa kipupwe isihifadhiwe chumba kimoja na vifaa hivi, kwa kuwa hufanya utando mweusi kwenye shaba na fedha, na miguso ya poti na relei ina madini hayo. Panya nao hawahitaji maelezo: kebo yote iliyo chini ya mita mbili ipite ndani ya bomba gumu, na midomo ya bomba izibwe.

Majina ya poti na jaribio la mwisho

Ukilazimika kutumia kigeuzi cha kutoka USB kwenda COM, ujue kwamba namba ya poti inaweza kubadilika kigeuzi kikihamishiwa tundu jingine. Kwenye Windows, ipangie namba ya kudumu katika orodha ya vifaa. Kwenye Linux, poti za asili huitwa /dev/ttyS0 na kuendelea, na vigeuzi huitwa /dev/ttyUSB0 na kuendelea kwa mpangilio vilivyotambuliwa, hivyo andika kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina) inayokipa kila kigeuzi jina lake kwa kufuata namba yake ya kiwandani, na umwingize mtumiaji kwenye kundi la dialout ili aruhusiwe kuifungua poti. Bandika kwenye kila tundu na kila ncha ya kebo lebo inayofanana.

Ingia kwenye BIOS na upange kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliogopa: kata umeme wa ghala zima kwenye swichi kuu, zima na UPS, subiri dakika 5, urudishe umeme, na usiguse kitu. Mizani, skana, printa, vitambuzi na king'ora virudi kazini bila mkono wa mtu. Kisichorudi, kirekebishe, na jaribio lirudiwe tangu mwanzo.

Andika kwenye daftari namba ya kila poti, kasi, biti, pariti, namba za vitambuzi na rangi za nyaya, kisha lifunge daftari hilo ndani ya mlango wa kabati la kompyuta. Baada ya hapo mwite karani wa ghala na mwakilishi wa wakulima wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Weka jiwe la kilo 20 kwenye mizani, kisha 40, kisha 60, kisha 80, na kila mara wote watatu msome kwa sauti namba iliyo kwenye mizani, iliyo kwenye skrini na iliyochapwa kwenye lebo, ndipo mwandike majina yenu na tarehe chini ya ukurasa.